Una hema jipya, lakini je, umewahi kulisimamisha?

Leo nina swali moja tu kwako. Je, kule chini ya kitanda, au juu ya kabati, au katika ile pembe ya sebule ambayo mama watoto amechoka kuilalamikia, kuna begi kubwa la mgongoni lililojaa vitu vya safari za nyikani?

Kama lipo, makala haya ni yako. Kama halipo, soma vilevile, kwa sababu huenda mwezi ujao ukawa dukani ukilinunua.

Wakazi wengi wa mijini siku hizi wamependa kutembea nje ya mji. Ukiamka mapema Jumamosi utawaona wakipanda magari kuelekea vilima vya Ngong, mlima Longonot au misitu ya Aberdare. Hilo ni jambo jema. Mtoto aliyekulia ghorofa ya nne hana budi kujua kwamba maziwa hayatoki kwenye pakiti na kwamba usiku una nyota.

Miongoni mwa hao wapo wanaotaka zaidi ya matembezi. Hao wanataka kulala nje, kuwasha moto wao, kupika juu ya mafiga, kusoma nyayo za wanyama na kutafuta njia kwa jua. Mimi ni mmoja wao, na ndiyo sababu ugonjwa wetu naujua vizuri. Ugonjwa wenyewe ni mapenzi ya vifaa. Tunasema tunaipenda nyika, lakini saa tunazotumia tukitazama visu ni nyingi kuliko saa tunazotumia tukikata chochote.

Ngoja nikusimulie yaliyonipata. Siyasimulii kwa kujivuna.

Mwaka mmoja, wakati wa likizo ya Agosti, sisi majirani watano wa mtaa mmoja tuliamua kuwapeleka watoto wetu wakalale nje usiku mmoja. Tulimpata mzee mmoja wa Kinangop ambaye shamba lake limepakana na msitu, naye akakubali tupige kambi kwenye malisho yake kwa malipo kidogo.

Kwa wiki tatu kabla ya safari kazi yangu ilikuwa kununua. Nilinunua hema la watu wanne na mifuko ya kulalia. Nikanunua tochi ya kufungwa kichwani, jiko dogo la gesi, dira, na kamba ya rangi ya chungwa. Nikanunua kisu kikubwa chenye meno mgongoni na ala ya ngozi. Nikanunua na kile chuma kidogo ambacho ukikikwaruza hutoa cheche hata kikiwa kimelowa. Bei sitakutajia, maana mama watoto pia husoma ukurasa huu. Itoshe kusema kwamba karo ya muhula wa tatu ililipwa kwa mafungu.

Kila jioni nilivitandaza vitu hivyo sebuleni, nikavishika kimoja kimoja, kisha nikavirudisha. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 8, aliniuliza, "Baba, mbona hatulisimamishi hilo hema hapo nje tulione?"

Nikamjibu, "Litachafuka."

Siku ya safari gari tulilokodi lilichelewa, tukafika Kinangop saa kumi na moja na nusu jioni. Mawingu yalikuwa yameshashuka. Nililifungua hema langu kwa mara ya kwanza mvua ikininyeshea mgongoni, giza likiingia, nikisoma karatasi ya maelezo ambayo wino wake ulikuwa ukiyeyuka mkononi. Nilichagua mahali penye nyasi laini, chini ya mteremko. Kwa nini nyasi za pale zilikuwa laini kuliko za kwingine? Sikujiuliza. Saa tatu usiku nilipata jibu, maji yalipoingia hemani kutoka chini na kuulowesha mfuko aliolalia binti yangu.

Nikakimbilia jiko la gesi ili nimchemshie chai. Mtungi nilioununua haukuingia kwenye mdomo wa jiko. Vilitoka maduka mawili tofauti, na sikuwa nimewahi kuvijaribu pamoja. Nikatoa kile chuma cha cheche. Cheche ziliruka kama za fundi wa kuchomelea vyuma, zikaanguka juu ya kuni zilizolowa, zikazimika. Nilikwaruza hadi vidole vikauma.

Wakati huo binti yangu alikuwa akitetemeka. Baadaye kutetemeka kukapungua, nami nikashukuru nikidhani amepata joto. Nilipomsemesha, alinijibu kwa maneno yaliyoburutika, kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Alisema anataka kulala tu.

Mzee mwenye shamba alikuja na kandili yake kutuangalia. Alimshika mtoto shingoni, hakusema neno, akambeba hadi jikoni kwake. Mkewe, ambaye sote tulimwita Shosho, alimvua nguo zote zilizolowa, akamkausha, akamfunga kwa blanketi mbili na kumketisha karibu naye kando ya moto. Alipoona kwamba mtoto yuko macho na anaweza kumeza vyema, akamnywesha uji wa moto kiasi wenye sukari, kidogo kidogo. Baada ya saa moja hivi mtoto akaanza kuuliza mbuzi wanalala wapi. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na tochi yangu bado inawaka kichwani.

Baadaye nilijifunza nilichokuwa nikikitazama bila kukiona. Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35 za selsiasi, mtu yumo hatarini. Kwanza hutetemeka sana. Akiwa bado yumo kwenye baridi na kutetemeka kukakoma, huku maneno yanaburutika na usingizi unamvuta, usidhani amepona. Hali inazidi kuwa mbaya. Mtoe kwenye upepo na mvua, mvue kilicholowa, mfunike kwa kikavu, mpe kinywaji chenye joto na sukari iwapo yuko macho kabisa, na umtafutie matibabu. Usimpe pombe, wala usimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Maarifa hayo huna haja ya kuyanunua dukani, nami nilikuwa sina.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Mzee aliniambia, "Haya, kijana, watoto wanataka chai. Washa moto." Nikajaribu tena mbele ya majirani wote na watoto wao, nikashindwa tena.

Mzee akaenda kwenye ua wake wa nguzo kuukuu za mtarakwa. Alibandua maganda makavu upande ule ambao mvua haikuupiga, akayasugua viganjani mpaka yakawa laini kama kiota cha ndege. Kisha akachukua kuni ileile iliyonishinda, akaipasua kwa panga lake lililochakaa. Ndani ilikuwa kavu. "Kuni iliyonyeshewa jana huwa imelowa nje tu," alisema. Akachonga vijiti vyembamba kutoka kwenye moyo wake, vingine kama sindano, vingine kama penseli, vingine kama kidole gumba, akavipanga kwa mafungu. Akatumia njiti moja ya kiberiti, moja tu, na moto ukashika.

Kisha akakiomba kisu changu. Akakigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye makali, akaniuliza, "Hiki kimewahi kukata nini?"

"Bado, mzee."

"Basi bado si chako," akasema, akanirudishia.

Msomaji wangu, maneno hayo nimekaa nayo miaka mingi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa muda fulani nilidhani somo langu lote limo katika methali hiyo. Nilirudi Nairobi nikiapa kwamba sitanunua tena hata msumari. Nilikuwa nimekosea mara ya pili.

Maana upande wa pili pia wapo wagonjwa. Utawasikia wakisema, "Babu zetu walilala porini bila hema wala buti, sisi tunadekezwa na maduka." Kijana wa namna hiyo hupanda mlima kwa raba zilizoisha soli, suruali ya jinzi na fulana ya pamba, kisha mvua ikinyesha huwa mzigo kwa wenzake. Pamba ikilowa hukaa na maji na kukunyonya joto, ilhali sufi ya kondoo bado hukupa joto kiasi hata ikiwa na unyevu. Na hao babu anaowataja hawakwenda mikono mitupu. Walikuwa na ngozi za kujifunika, vibuyu vya maji, visu vilivyofuliwa na wahunzi hodari, na vijiti vya kupekechea moto, ambavyo Waswahili huita ulindi. Walikuwa na vifaa, tena vizuri. Tofauti yao na sisi ni kwamba kila kimoja walikijua kama kiganja cha mkono.

Hapa naona kuna kisa kimoja cha kweli kinachotufaa, kilichotokea hapahapa Kenya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliwafunga mateka wa Kiitaliano katika kambi karibu na Nanyuki. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa akiutazama Mlima Kenya siku nenda siku rudi, akatamani kuupanda. Mnamo Januari 1943 yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini ili waupande mlima huo, kisha warudi.

Duka hawakuwa nalo. Kwa miezi mingi walikuwa wakijitengenezea vifaa kwa siri. Nyundo waliigeuza shoka la barafu. Vyuma vikuukuu vilifanywa meno ya kufungwa chini ya viatu ili visiteleze. Kamba walizipata kwenye katani ya vitanda. Ramani hawakuwa nayo, ila picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Chakula walikidunduliza kutoka kwenye posho yao.

Barsotti aliugua, akabaki kambini mlimani. Wenzake wawili walijaribu kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, lakini mwamba na theluji viliwarudisha. Hata hivyo walifika Lenana, mita 4,985, wakasimamisha bendera ya nchi yao. Kisha wakashuka, chakula kikiwa kimewaishia, wakajirudisha wenyewe kambini, wakafungwa kwa kosa la kutoroka. Benuzzi baadaye aliandika kitabu juu ya safari hiyo, na hadi leo wapanda milima wa nchi nyingi hukisoma.

Watu wengi hukitaja kisa hiki kuthibitisha kwamba vifaa si kitu. Mimi nakisoma vingine. Watu hawa walivithamini vifaa kiasi kwamba walikubali kuhatarisha adhabu ili wapate kipande cha chuma. Lakini kila kipande walikikata, wakakipinda na kukijaribu kwa mikono yao, na kwa hiyo walijua kitafanya nini na kitashindwa wapi. Na pale walipopungukiwa, yaani chakula na ramani, ujuzi wao haukuwashibisha. Waliteseka. Kwa hiyo hata mtu hodari anahitaji vifaa.

Basi tufanyeje, sisi ambao tuna mshahara mdogo, Jumamosi chache na madirisha ya maduka yanayotuita kwa majina yetu?

Kanuni yangu siku hizi ni moja: kitu ambacho sijakitumia nyumbani mara tatu hakiingii begini. Hema lisimamishwe uani, au kwenye kiwanja cha mtaa kwa ruhusa, mara ya kwanza mchana, mara ya pili usiku, mara ya tatu huku mtoto akilimwagia maji kwa ndoo. Watoto watakusaidia kwa furaha kubwa. Jiko la gesi liwashwe nje penye hewa na lichemshe chai kweli. Kamwe usiliwashe ndani ya hema, kwa kuwa linaweza kuliunguza, na moshi wake usioonekana unaweza kuua. Begi lijazwe, ulibebe kwenda sokoni na kurudi. Ukirudi, kila kilichokuuma mgongoni utakijua jina.

Pili, kwa kila kifaa unachonunua, jifunze kazi moja. Umenunua kisu? Jifunze kukinoa, na kuchonga kijiti ukielekeza makali mbali na mwili wako. Umenunua kamba? Jifunze mafundo matatu: la kuunganisha kamba mbili, la kufunga kitanzi kisichojikaza, na la kukaza kamba ya hema. Umenunua dira? Nenda nayo Karura au Arboretum, ujue kaskazini ni wapi kabla hujapotea. Usipopata nafasi ya kujifunza, basi nafasi ya kununua nayo isipatikane.

Tatu, jihadhari na maarifa ya kuazima. Vitabu vingi vya nyika vimeandikwa Ulaya na Marekani. Utasoma humo kwamba unaweza kupata kusini kwa kuuelekeza mshale wa saa yako kwenye jua. Huko kwao ni sawa, kwa kuwa adhuhuri jua lao huwa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko Ikweta. Jua letu mwezi wa Juni hupita upande wa kaskazini, Desemba hupita upande wa kusini, na miezi mingine hukaa utosini. Ukiifuata hila hiyo hapa kwetu unaweza kutembea kinyume kabisa na nyumbani. Muulize mwenyeji. Mzee wa Kinangop hajui mti wa Ulaya, lakini maganda ya mtarakwa anayajua.

Nne, yapo machache ambayo usiyaache hata ukijiona bingwa: maji ya kutosha, chakula cha ziada, koti la mvua, nguo kavu ya joto ndani ya mfuko usiopitisha maji, tochi, kiberiti kilichofungwa vizuri, kisu kidogo, vifaa vya huduma ya kwanza na filimbi. Filimbi ikipulizwa mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu tena, wengi huielewa kuwa ni wito wa msaada, na haichoki kama koo. Koti zuri la mvua utalipata hata Gikomba au Toi ukiwa na subira. Na kumbuka kwamba moto hauwashwi popote upendapo. Kwenye mbuga na misitu ya serikali uliza kwanza ni wapi panaruhusiwa, na usikate mti ulio hai.

Kwako mwanafunzi usiye na pesa nina habari njema. Umri ulio nao ndio wa kujifunza, na mafunzo hayo karibu yote ni ya bure. Jiunge na skauti au chama cha matembezi shuleni. Baden-Powell, aliyeanzisha skauti kwa kambi ya vijana kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, amezikwa hapa kwetu Nyeri tangu mwaka 1941. Usisubiri begi la bei ghali ndipo uanze. Azima, shona, badilishana. Siku utakapopata mshahara utajua cha kununua na cha kupita bila kugeuza shingo.

Nawe mzazi, sikuambii uache kuvipenda vifaa. Fundi seremala huipenda randa yake, na mapenzi hayo ni ya haki, maana ameinoa mara nyingi. Mkono mtupu haulambwi. Ninachokuomba ni kwamba kabla ya kumpeleka mtoto wako mahali penye baridi na giza, ujiulize swali la yule mzee: hiki kimewahi kukata nini?

Lile hema langu bado ninalo. Lina viraka viwili, na tope la Kinangop halijatoka kabisa kwenye pembe moja. Binti yangu sasa hulisimamisha peke yake gizani kwa dakika saba, nami hushika tochi. Wiki iliyopita alitaka tuende nalo Longonot, nikamwambia liko safi, nimelifua. Akacheka. "Baba," akasema, "si litachafuka?"